Rangi Iliyokataa Kushika

Papa Mushagalusa aliingiza ukucha chini ya rangi nyeusi ya kifuniko cha injini, akavuta. Kikatoka kipande kizima, kama ganda la ndizi mbivu.

"Bulonza, hii njo kazi?"

Bulonza alisimama kando ya Peugeot 403 ya mzee, mikono nyuma. Wiki nzima alikuwa amekwangua kutu kwenye vyuma vya injini, akavipiga msasa, akavipaka. Na moyoni alikuwa na lake: mzee akifurahi, amwombe binti yake. Sasa gereji nzima ya Nyawera ilikuwa inatazama aibu yake.

"Ni kosa yangu, papa. Nitarudilia."

"Utarudilia nini? Hii motokari natunza tangu Wabeleji wako hapa. Na usifikiri sionake vile unamuangaliaka mutoto yangu. Honoré wa Minova, ule anamuposa, anangoja jibu. Nikitoka hapa, namujibu ndiyo."

Colombe, binti wa mzee, alikuwa amesimama mlangoni na kapu la chakula cha baba yake. Ndiyo, Colombe: miaka ile serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, lakini kwao hakuna aliyejali. Aliona upande wa ndani wa kile kipande cha rangi unavyong'aa mafuta, akatua kapu chini.

Maana yeye ndiye aliyeharibu. Jioni moja ya mvua alipita gereji kwa siri, Bulonza ametoka kutafuta turubai. Vyuma vilikuwa vitupu mezani, vinapata unyevu. Kwao jembe likioshwa hupakwa mawese lisiliwe na kutu. Basi binti akakimbia dukani, akarudi na mawese, akavipaka vyote kwa mapenzi, akaenda zake bila kusema.

Angeweza kunyamaza. Lakini Minova nako ni mbali na moyo wake.

"Papa, ni miye. Nilipaka ile vyuma mawese."

"Uliingia hapa wakati gani?"

"Kila mara unanituma soko, napitiaka hapa. Namupenda, papa."

Nyundo ya fundi wa pembeni ilikaa kimya. Umbea huo nani angeukosa?

Mzee akamgeukia Bulonza.

"Weye ulijua?"

"Nilijua, papa. Fundi angepaka mafuta ya moteur, ya injini. Mawese, ni nani mwingine? Nilipangusa na essence, petroli ya motokari, nikazani imetoka. Kumbe iliingia ndani ya mikwaruzo. Kupaka haraka, hiyo ni kosa yangu."

"Juu ya nini hukusema ni yeye?"

"Ungejua anakuyaka hapa. Ungemukasirikia."

"Lakini ungemukosa."

"Ndiyo, papa."

Alimpenda yule binti kupita kiasi, na alikuwa tayari kumpoteza kuliko kumwaibisha mbele ya watu.

Papa Mushagalusa alikaa juu ya tairi kuukuu, akavua kofia.

"Mwezi uliopita gunia ya maharagwe ya Honoré ilipasuka mu soko," mzee alisema taratibu. "Munajua alisema nini? Mbele ya watu wote alisema ni mama yake alishona mubaya. Mama yake alikuwa pale, anaokota maharagwe."

Akavaa kofia yake tena.

"Baba yako iko wapi, Bulonza?"

"Iko kwetu Kasha, papa."

"Umuambie akuye dimanche, siku ya kanisa, kisha misa. Na kasigisi, pombe ya ndizi. Mambo ya ndoa, wazee hawasemake na koo kavu."

Bulonza aliinama, akashika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili.

"Na weye, Colombe, hautarudi nyumbani sasa. Shika musasa. Muliharibu wawili, mutatengeneza wawili. Mulango wazi, miye nakaa hapa hapa naangalia."

Colombe alipangusa machozi kwa mkono, akakaza kitenge chake kiunoni, akaenda kusimama kando ya Bulonza mbele ya baba yake.