Aliyeonja Kwanza

Glasi ilikuwa baridi kama barafu, na Nazaire alijua haikupaswa kuwa hivyo.

Alikuwa fundi wa bia, mzaliwa wa Bujumbura, na ulimi wake ndio uliompa riziki katika kiwanda kidogo huko Houston. Tone moja tu lilimtosha kujua pipa lipi limeharibika na lipi liachwe wiki moja zaidi. Alikuwa amekuja Grand Prairie kwa siku mbili kumwona mdogo wake Véronique na kichanga chake, Raïssa. Jumamosi ile aliazima gari la Véronique, akaenda Fort Worth kutafuta baa zinazouza bia hai, ile isiyotiwa gesi, inayoendelea kuchachuka ndani ya pipa lake na kuvutwa kwa mkono kutoka chumba cha chini. Bia hiyo hupozwa na ubaridi wa ardhi tu. Baa mbili za kwanza zilimpa bia nzuri. Ya tatu, nyumba ya matofali karibu na reli, haikuwa na mtu saa nane ya mchana, ila mwanamke mmoja nyuma ya kaunta.

"Hii mmeiweka kwenye friji?" Nazaire aliuliza kwa Kiingereza.

"Hapana, kaka," mwanamke akajibu kwa Kiswahili cha Buyenzi, mtaa aliokulia Nazaire. "Chini kuna baridi."

Akafurahi kupata mtu wa nyumbani. Kwao mwenye kukupa kinywaji huonja kwanza, ujue hakina sumu, kwa hiyo alimrudishia glasi kwa mzaha. Mwanamke akanywa. Povu la juu halikuguswa, lakini bia ilikuwa imepungua hadi nusu. Nazaire aliliona hilo, na bado akanywa, maana harufu yake ilikuwa tamu kuliko bia yoyote aliyowahi kunusa.

"Basi tumekunywa pamoja," mwanamke alisema taratibu. "Nitakuja kwenu."

Jioni Véronique alipochukua chupa ya mtoto, maziwa yalikuwa yametoa povu. Akayamwaga, akakoroga mengine, nayo yakaanza kutokota chupani bila moto. Maharage yaliyokuwa kwenye sufuria yakafura. Hata maji ya baraka aliyoyaweka karibu na rozari yakapanda mpaka shingo ya kichupa, na nyumba nzima ikanuka chachu.

Asubuhi ya Jumapili kulikuwa na sauti ukutani, blubu, blubu, kama pipa linalopumua, na Nazaire alipoifuata kutoka jikoni hadi sebuleni, kutoka sebuleni hadi ukumbini, huku akiweka sikio ukutani kila hatua, aligundua kwamba kila alipokwenda ilikuwa karibu vilevile, wala haikuongezeka wala haikupungua, mpaka akaweka kiganja kifuani mwake na kuisikia ikitokota chini ya mbavu zake mwenyewe.

"Kaka," Véronique alinong'ona mlangoni, mtoto mikononi. "Ulikunywa nini huko?"

Akamweleza yote. Véronique alimpigia padri, akaambiwa angefika baada ya misa ya mchana. Lakini Raïssa alikuwa hajanyonya tangu jana, na hakuwa akilia tena. Ndipo akampigia Bi Hasina wa Irving, mji wa jirani, mama wa Kimombasa aliyefanya naye kazi ya kutunza wazee, ambaye watu walimjua kwa kuwasomea dua wenye majini.

"Naja, nina-drive sasa hivi," Bi Hasina alisema. "Usimwache mtoto peke yake."

Alifika na chetezo na ubani. Akawaambia watoe betri kwenye king'ora cha moshi, akamkalisha Nazaire sakafuni, akamfunika shuka jeupe na kuanza kusoma. Haukupita muda shuka likatetemeka, na sauti ya mwanamke ikatoka kinywani mwa Nazaire.

"Mimi ni mgeni wake. Tulikunywa glasi moja."

"Unataka nini?" Bi Hasina aliuliza.

"Nina kiu. Nimekaa pipani miaka mingi bila mtu kunipa glasi. Huyu nimeshamwonja. Sasa namtaka yule mdogo. Ananukia maziwa."

"Mtoto hakukualika."

"Basi nipeni kitu cha kuondoka nacho."

Nazaire aliyasikia yote kama mtu aliye ndani ya pipa anayesikia watu wakizungumza nje ya kifuniko, akataka kupiga kelele ila kinywa hakikuwa chake, na katikati ya giza lile akasikia sauti nyingine, ndogo, nyepesi, blubu, ikitoka kwenye kifua cha Raïssa, na hapo akajikokota juu, pumzi kwa pumzi, mpaka ulimi ukamtii.

"Chukua ladha," alisema kwa sauti yake. "Harufu na ladha. Zote."

Bi Hasina akainua shuka, akamtazama usoni. "Fikiri kwanza, mwanangu. Nikishaifunga ahadi hii, haifunguki."

Nazaire aliifikiria Houston, na miaka kumi na miwili ya kusimama mbele ya mapipa.

"Funga, mama."

Bi Hasina akasoma tena, kwa nguvu. Nazaire akatapika povu jeupe ndani ya beseni, povu jingi kuliko tumbo la mtu, baridi hata beseni likapata umande kwa nje. Véronique alilibeba nje, akalimwaga juani kwenye lami, nalo likakauka bila kuacha alama. Aliporudi, Raïssa alikuwa akilia kwa njaa. Akamkorogea maziwa. Yalitulia chupani, na mtoto akayamaliza.

Saa tisa, Bi Hasina alipokwisha kuondoka na padri akiwa bado hajafika, Véronique aliteleka maharage mapya kwa mawese, akampakulia kaka yake. Nazaire alikula polepole, macho kwenye sahani.

"Chumvi imetosha?" Véronique aliuliza.

"Imetosha, Véro. Matamu sana."

Véronique akachota kijiko kimoja, akaonja. Katika hofu ile alikuwa amesahau kabisa kutia chumvi. Alivuta kiti, akakaa karibu naye, akamwongezea.