Mlango wa Gulnar

Wa kwanza kusikia alikuwa Nathu, mpiga kinanda. Filamu ilikuwa bubu, kama filamu zote za wakati ule, lakini binti wa kwenye picha alipobisha mlango wa baba yake, mlango ulisikika: ngo, ngo, ngo. Ukumbi mzima ukanuka udongo uliolowa, ilhali Lahore haikuwa imeona mvua tangu majira ya baridi.

"Mzee Karam," Nathu alinong'ona, "umesikia?"

Karam Dad alikuwa amekazia macho pazia. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya pazia na kuwasomea watazamaji maandishi, maana wengi hawakujua kusoma. Siku hiyo aliacha kusoma. Yule wa kwenye picha alikuwa Gulnar, mwanawe wa pekee, aliyekwenda Bombay kuigiza. Siku anaondoka, Karam Dad alimwambia, "Mimi sina binti." Mkewe alikufa akimlilia mtoto, yeye hakulegeza neno lake.

Kesho yake alasiri, katika tukio lile lile, Gulnar aliacha kubisha, akageuza shingo taratibu, akawapita kwa macho watazamaji wote waliokuwa wakitafuna karanga bila kuona kitu, akamkazia baba yake, na kutoka nyuma ya pazia, ambako hapakuwa na chochote ila ukuta, ikaja sauti ambayo Karam Dad hakuwa ameisikia tangu nywele zake zikiwa nyeusi: "Baba, nifungulie. Nimechoka kusimama."

Nathu alipomweleza, mwenye ukumbi akamwita Bibi Rabian, mganga. Akafukiza ubani, akasoma, akatega sikio ukutani.

"Huyu si mwanao," alimwambia Karam Dad. "Ni jini. Limekaa hapa kabla ukumbi haujajengwa. Limeona sura unayoiogopa, likaivaa. Liambie ulivyomwambia mwanao, litaondoka."

"Niseme sina binti?"

"Mara moja tu. Kwani itakuwa mara ya kwanza?"

Filamu ikawashwa, viti vikiwa vitupu. Ngo, ngo, ngo. Karam Dad akasogea.

"Siwezi, Bibi. Lile neno la kwanza bado linanielemea."

"Wee mzee, usicheze na majini. Sema."

Akaweka kiganja kwenye pazia. "Njoo, mwanangu. Twende nyumbani."

Ukumbi ulitulia tangu siku hiyo. Bibi Rabian alikusanya vitu vyake akaondoka bila kuaga.

Huko mtaani, majirani wakaanza kusikia mwanamke akiimba nyumbani kwa Karam Dad. Mzee alizidi kukonda, lakini akiulizwa, alisema siku hizi analala vizuri.

Baridi iliporudi, gari la farasi lilisimama mlangoni pake mchana. Akashuka mwanamke aliyechoka kwa safari, na sanduku moja mkononi. Alisimama kitambo kabla ya kubisha. Mlango ukafunguliwa kidogo.

"Baba," alisema, akianza kulia, "ni mimi. Gulnar. Nimerudi."

Karam Dad alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyepotea njia.

"Punguza sauti, mama," alisema. "Gulnar amelala."

Akafunga mlango polepole, asimwamshe.