Nyumba Iliyorukwa

Duka la vifaa vya ujenzi lilijaa watu asubuhi ile, kila mtu na fundi wake, kila fundi na ujuaji wake. Msusi alisimama kwenye foleni, gauni lake la maua ya njano amelikusanya magotini lisiguse vumbi. Alifuata saruji ya kuinua kizingiti cha mama yake kabla mvua haijaanza. Mbele yake kijana mrefu mwenye ovaroli la buluu lililopauka alikuwa anapokea makopo ya rangi. Nyekundu tupu.

"Kaka, rangi yote hiyo," alisema Msusi, "unampaka nani midomo?"

Kijana akageuka. Alikuwa na tabasamu la mtu aliyezoea kuchekwa. "Mwenye midomo ndiyo kwanza namwona."

Foleni nzima ikaguna kwa raha. Alimbebea mfuko wa saruji hadi kwenye mkokoteni, na mkokoteni haujaondoka, namba za simu zilikuwa zimeshabadilishana mikono. Watu humwita Brashi, alisema, anapaka rangi manispaa. Msusi akawaza kingo za barabara na vivuko vya waenda kwa miguu, akaridhika. Mapenzi hayaulizi sana mwanzoni. Yangeuliza, nusu yetu tusingezaliwa.

Zikafuata simu. Msusi alisuka huku simu ameibana begani, akicheka hadi mistari ya nywele ikaenda upogo na wateja wakanuna. Brashi alimwita kipenzi. Yeye alimwita bwana manispaa. Hatimaye akampeleka bondeni kwa mama yake, mjane mfua nguo, ambaye kila mafuriko yalipotoka alipiga magoti na kusugua tope hadi sakafu ikang'aa kama sahani. Mama alimtazama mgeni kuanzia viatuni, akamwambia avue. Kwa mama yule, hiyo ilikuwa baraka tosha.

Kisha ikaja amri: marufuku kujenga karibu na mto, na nyumba zote za bondeni zipakwe alama ya X. Bonde lilelile ambamo manispaa ilifunga mita za maji na kupokea kodi ya majengo bila kukosa, leo ndipo ilipogundua kwamba mto una maji. Na hapo juu kidogo tu, ghala la tajiri mmoja lilikuwa limesogeza ukuta wake hadi ndani ya mto, mto ukabanwa, ukakosa pa kupita ila vyumbani mwa watu. Ukuta ule haukuguswa. Ramani ya amri, walisema watu wa manispaa, ilianzia chini yake.

Aliyekabidhiwa kopo ni Brashi. Alipaka nyumba moja baada ya nyingine, kofia ameivuta hadi machoni, wenyewe wako makazini. Alipofika kwa mama, aliiona sakafu ikimeta kwenye upenyo wa mlango, mkono ukagoma. Akairuka nyumba ile, na siku nzima akajipongeza moyoni.

Baadaye likapita gari la matangazo. Nyumba zenye alama zitabomolewa, na wenye nazo watapewa viwanja mlimani. Zisizo na alama zimeonekana kuwa salama.

Salama ilikuwa moja tu. Majirani wakaacha kumsalimia mama. Jirani wa ukuta kwa ukuta, waliyesugua tope pamoja miaka yote, alimuuliza kwa sauti ya kutosha bonde zima kama binti yake alilipa kwa kusuka au kwa kufumua.

Jioni hiyo Msusi alipiga simu.

"Ni wewe uliyepaka bondeni?"

"Ni mimi, kipenzi. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

"Kwetu ukaruka."

"Niliiokoa nyumba ya mama."

"Umeiokoa ibaki na vyura. Wenzake wanapanda mlimani, yeye maji yakija amwite nani?" Aliongea taratibu, na hilo ndilo lililomtisha Brashi. "Nimekukaribisha ndani, umevua viatu, kumbe unakagua pa kupiga brashi."

Brashi alijitetea kwamba zoezi limefungwa, na akisema aliruka nyumba atapoteza kazi.

"Basi baki na kazi yako," alisema Msusi. "Ikuoe."

Tangu hapo simu yake iliita bila kupokelewa, hadi wateja wakamwonea huruma mpigaji.

Afisa wa mipango miji alipokuja bondeni kufanya mkutano, alivaa suti na mabuti ya mvua yenye karatasi ya bei bado kwenye kisigino. Mama alisimama akaomba kiwanja. Afisa akamjibu kwa upole wa kukera kwamba wataalamu waliikagua nyumba yake na hawakuona hatari. Msusi, nyuma kabisa ya watu, alilifumbata gauni la njano hadi vidole vikamuuma.

Brashi akatokea nyuma ya gari la manispaa, kofia mkononi.

"Mheshimiwa, hakuna aliyekagua. Niliiruka mimi, kwa makusudi. Nampenda binti wa nyumba ile."

Jirani wa ukuta kwa ukuta akasogea karibu na mama. Simu za watu zilikuwa zimeshainuliwa zinarekodi, na afisa aliziona.

"Kapake sasa hivi, na mama apewe kiwanja," alisema. "Ukimaliza, rudisha ovaroli."

Brashi akapaka. Mama alisimama pembeni akimsimamia, akamwambia mstari wa kushoto umepinda, anyooshe isije ikasemwa haukuonekana. Kisha akaingia ndani, akachukua tambara, akaanza kupiga deki sakafu itakayobomolewa.

Msusi alimtazama mama yake, akafuta macho kwa kiganja, akamgeukia Brashi.

"Kopo limeisha?"

"Bado."

"Twende."

Mlinzi wa ghala la yule tajiri aliuliza nani kawatuma. Brashi alionyesha nembo ya manispaa kifuani; ovaroli lilikuwa bado hajalirudisha. Akauvuta mstari wa kwanza kwenye ukuta ule, kuanzia juu mkono ulipofika hadi chini kwenye maji, mwekundu, mnene.

"Kazi sina tena," alisema bila kugeuka. "Nikimaliza mstari wa pili, utaniruhusu nije kwa mama kuposa?"

Msusi akampokonya brashi.

"Wa pili ni wangu. Kwa mama njoo kabla hawajabomoa," alisema, akiichovya kwenye kopo. "Na uvue viatu."