Bibi Harusi Kwenye Noah Nyeupe

Jumapili ile niliondoka Igoma jioni, viatu mkononi, bado nimevaa sare ya harusi ya kaka yangu Nurudin. Kivuko cha mwisho kilikuwa saa kumi na mbili. Kwa siku tatu nilikuwa nimemwacha mwanangu ng'ambo kwa mama ili aachishwe ziwa. Kifua kilikuwa kimejaa, kinauma kila bodaboda iliporuka shimo.

Nilikuta geti la abiria limefungwa.

"Kimejaa, dada. Mpaka kesho," mlinzi akasema.

Magari machache yalikuwa bado yanaingia. Noah nyeupe yenye riboni za harusi ikasimama pembeni yangu. Mbele, kando ya dereva, alikaa mama mmoja mwenye kilemba cha zambarau.

"Unavuka, mwanangu? Panda na sisi."

"Shikamoo, mama. Ahsante sana."

"Marahaba. Panda haraka."

Sikuuliza zaidi. Nikapanda.

Tulipoingia kivukoni, lori likatubana kushoto, basi likatubana kulia. Hata mlango ungefunguliwa, mtu asingepenya. Dereva akazima taa, akapandisha vioo vyote. Hakunigeukia hata mara moja.

Kando yangu alikuwepo bibi harusi. Shela lilimfunika mpaka magotini.

"Hongera, bibi harusi," nikamwambia.



"Haongei," mama akajibu. "Amechoka."

Ndani ya gari kulinuka. Si jasho, wala si manukato. Ilikuwa harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi...

Injini ya kivuko ikaanza kunguruma. Nje giza lilikuwa linaingia. Ndipo nikahisi kitu kinatambaa juu ya kiti.

Mkono.

Ulitokea chini ya shela, ukanishika vidole. Ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni. Kucha zimejaa udongo mwekundu.

"Dada..." Ulimi wake ulikuwa mzito, kama umevimba. "Mimi ni Teodora. Baba yangu Shigela... fundi baiskeli, Misungwi. Mwambie sijafa."

Nilitaka kupiga kelele.

"Anasema nini?"

Mama hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye kioo kidogo cha juu, yananitazama.

"Hajasema kitu, mama."

"Amekushika?"

Vidole vikanibana zaidi. Lori huku, basi kule, chini maji matupu. Nikamfikiria mwanangu. Polepole nikaanza kujibandua kutoka kwenye vidole vile. Kimoja... kingine... Alikuwa anatetemeka.

"Hajanishika."

"Safi."

Tukafika ng'ambo. Tulipotoka kivukoni, gari likasimama, mlango ukafunguka.

"Shuka," mama akaninong'oneza. "Msalimie mtoto."

Sikuwa nimemwambia kwamba nina mtoto.

Wiki nzima sikulala. Jumamosi nikaenda Misungwi, nikaulizia fundi baiskeli. Mzee Shigela alikuwa anaziba pancha. Nilipotaja jina la Teodora, alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Tulimzika Machi," akasema. "Siku nne kabla ya harusi yake. Aliamka mzima, jioni akaanguka."

Nikamweleza yote. Nilipofika kwa yule mama mwenye kilemba, jinsi alivyoongea, jinsi alivyotazama, tairi likamponyoka mikononi.

"Huyo ndiye angekuwa mama mkwe wake. Ndiye aliyemwosha. Alitukataza kufunua sanda."

Akaliokota tairi, akaliweka kando.

"Alikuwa na baridi?"

"Baridi sana, mzee."

Habari ya vidole sikumwambia. Mpaka leo sijamwambia mtu.

Aliingia ndani, akatoka na sweta la kijani. Tangu siku hiyo, kila Jumapili jioni alisimama kwenye foleni ya magari kivukoni, sweta mkononi, akichungulia kioo kimoja baada ya kingine. Wengine walimcheka. Mimi nilikuwa sivuki tena Jumapili, hata kwa msiba.

Jumapili iliyopita mzee hakurudi nyumbani. Nilimpigia simu yule mlinzi wa getini, nikamuuliza kama alimwona.

"Nilimwona," akasema. "Alipanda Noah nyeupe."

"Walimlazimisha?"



"Hapana, dada. Mlango ulifunguliwa tu. Akapanda mwenyewe, mbio, huku analia na kucheka."