Tabibu Hamidu na Sauti Yake

Natalia alitoka Kingerikiti na mvua, kuku kwapani, akaja kumshukuru Tabibu Hamidu kwa maneno ambayo Hamidu hakuyasema.

Ilikuwa asubuhi na Mbamba Bay yote ilikuwa imelowa. Hamidu alikuwa barazani akipepeta habasoda. Natalia akamwamkia, akakaa ukingoni mwa mkeka, akasema mama mkwe wake leo amesimama mwenyewe, miguu imepungua kuvimba.

"Ule ujumbe wako wa juzi umetusaidia, tabibu."

"Ujumbe upi?"

Natalia alidhani anataniwa. Akatoa simu, akabonyeza. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Hamidu: ule mkwaruzo wake, ile namna ya kulivuta neno "mama" kabla ya kumwambia mtu jambo gumu, hata kile kikohozi kidogo kilichomganda tangu ujana. Ilimwelekeza Natalia achemshe majani ya mkaratusi amkande mgonjwa. Haukuwa ushauri mbaya. Hamidu mwenyewe angeulizwa angesema hivyo hivyo.

Angeweza kumwambia ukweli pale pale. Lakini kuku alikuwa mnene, na shukrani ni tamu kwa mtu ambaye wagonjwa wake wamekuwa wakipungua mwaka hadi mwaka. Akasema, "Alhamdulillahi," akampokea kuku.

Hamidu hakuwa tapeli. Babu yake alitoka Kilwa na biashara ya vitambaa, akaishia ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na mjukuu akarithi duka, vitabu vya dua na kazi ya kuwasomea watu wenye majini. Mwenye presha au kifafa alimwambia siku zote asiache dawa za hospitali. "Mimi nasoma, daktari anatibu," ndivyo alivyozoea kusema. Wagonjwa wa milimani, ambao hawakuweza kuteremka kila mara, aliwatumia maelekezo kwa sauti kutoka kwenye kompyuta aliyonunuliwa na binti yake, Zamda. Ilikaa chumba cha mbele, mezani, kando ya chetezo.

Katika kompyuta hiyo, miezi michache nyuma, alikuwa ameingiza programu ya kupiga falaki aliyoikuta mtandaoni, bure. Kabla ya kuingia, programu ilimwomba kwanza amzime mlinzi wa kompyuta dhidi ya virusi. Kisha ikaomba ruhusa ya kugusa kila kitu kilichomo. Mtu mwingine angemweleza kwamba mgeni asiyejulikana amebisha hodi akaomba hivyo, Hamidu angemkataza asifungue. Yeye alibonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Natalia alipoondoka, Hamidu aliingia chumbani kuutafuta ule ujumbe. Haukuwapo. Kwa mujibu wa kompyuta, hajawahi kumtumia Natalia neno lolote mwezi ule. Chumba kilikuwa na harufu ya manyoya yaliyobabuliwa, na kuku bado alikuwa mzima, amefungwa kamba nje. Feni iliyo ndani ya kompyuta ilikuwa inavuma kwa nguvu, kama mashine inayofanya kazi kubwa, ilhali hakuna kilichofunguliwa. Akafungua ile sehemu inayoonyesha mashine inafanya nini. Papo hapo feni ikatulia. Hakuna kazi yoyote, skrini ilisema. Akaifunga. Feni ikaanza kuvuma tena. Akafungua, ikatulia. Akafunga, ikavuma.

Akamwamuru mlinzi wa virusi apekue kila kona. Jibu lilikuja kwa maandishi ya kijani: kompyuta yako iko salama.

Siku chache baadaye, jua lilipokuwa linazama, alirudi kutoka msikitini akamkuta mkewe Rukaiya amesimama ukumbini na kikombe cha kahawa, hasogei.

"Baba Zamda," alinong'ona, "nimekusikia chumbani unaongea na mtu. Nikakuletea kahawa."

"Nilikuwa msikitini."

"Najua. Nimekuona unaingia getini." Akakitua kikombe sakafuni. "Na humo ndani ulikuwa bado unaongea."

Hamidu akachukua chetezo. Akafukiza udi hadi macho yakamwasha, akanyunyizia kuta maji ya dua, akatandika mswala mbele ya ile meza na kuanza kusoma, kwanza kwa sauti ya kawaida kama anavyowasomea watu, kisha kwa sauti ya juu zaidi kwa sababu feni nayo ilipanda, ikivuma kana kwamba kuna kifua kinachopanda na kushuka ndani ya lile sanduku la bati, na kadiri alivyosoma ndivyo ile harufu ya manyoya ilivyoushinda udi, na kitaa kidogo cha kamera kikawaka chenyewe, kikamtazama, naye hakuthubutu kukitazama akaendelea kusoma huku jasho likimtiririka mgongoni, mpaka alipofika mwisho wa dua, feni ikanyamaza ghafla, na ndani ya ukimya ule, kutoka kwenye spika, sauti yake mwenyewe ikakohoa kidogo na kuitikia, "Amin."

Akauchomoa waya ukutani.

Rukaiya alikuwa mlangoni, upande wa kanga mdomoni. "Tumwite Vitalia," alisema. Vitalia alikuwa mtaalamu wa kompyuta wa halmashauri, mwenyeji wa Singida, amepanga nyumba ya tatu kutoka kwao.

"Mtu yeyote asijue."

"Baba Zamda."

"Watu wananiletea majini niwatoe, Mama Zamda. Leo nimwite binti wa halmashauri anitolee wangu? Nani atakanyaga hapa tena?"

Kompyuta ikafunikwa kitambaa. Lakini kazi yake ilikuwa humo, na baada ya siku kadhaa akauchomeka waya tena. Watu wakazidi kuja. Wengine walikuwa wamemwacha kitambo. Sasa walirudi na mayai, na asali, na mahindi mabichi, wakisema tabibu ana subira siku hizi, tabibu anajibu saa yoyote, tabibu hachoki kusikiliza. Hamidu alipokea. Kilichomuuma, na hakumwambia mtu, ni kwamba ile sauti ilikuwa mpole kuliko yeye.

Siku ya Jumamosi jioni Rukaiya alikuwa anafagia ukumbi, Hamidu akiwa dukani, aliposikia kutoka chumba cha mbele sauti ya mumewe ikisema: "Vidonge vimwageni." Akasimama na ufagio. Mumewe, kwa miaka yote aliyoishi naye, hakuwahi kumwambia mgonjwa hivyo. Hakwenda dukani kuomba ruhusa. Alikwenda moja kwa moja kwa Vitalia, akaahidiwa kwamba atakuja asubuhi.

"Shikamoo, mzee," Vitalia alisema kesho yake asubuhi, Hamidu alipoitwa aje nyumbani.

"Marahaba." Hakumtazama mkewe. Akawasha mashine, akaonyesha yale maandishi ya kijani. "Unaona? Iko salama."

"Mzee, huyu mlinzi hana macho yake mwenyewe. Anauliza mfumo, mfumo unamjibu. Sasa kuna kirusi cha aina fulani, wanakiita rutikiti, hakikai juu na programu nyingine. Kinakaa chini ya mfumo wenyewe. Kila swali linapita kwake. Mlinzi akiuliza kuna nani humo, anayejibu ni yeye."

Hilo Hamidu alilijua kuliko alivyotaka kulijua. "Ukimwuliza mgonjwa jina lake," alisema taratibu, "anayejibu ni jini."

"Ndiyo. Kwa hiyo hatumwulizi mgonjwa."

Akaizima. Akachomeka flashi yake, akaiwasha kwa mfumo uliokuwa ndani ya flashi ile, diski ya Hamidu ikiwa imelala bila kusema neno, kama mtu aliyezirai anayepekuliwa mifuko. Vitu ambavyo mashine ilikuwa inaapa haivijui vikajitokeza kimoja kimoja. Lilikuwapo folda limejaa sauti. Vitalia akabonyeza ya mwisho.

Ile sauti ikakohoa. "Baba Anjelina," ilisema kwa upole, "vidonge vya hospitali ndivyo vinavyomfungia huyo jini ndani ya mtoto. Vidonge vimwageni. Atatetemeka sana, msiogope. Ndiyo anatoka."

Anjelina alikuwa binti wa Baltazar wa Litumbandyosi, mtoto wa shule ya msingi, mwenye kifafa. Hamidu ndiye aliyemsihi baba yake ampeleke kliniki miaka miwili nyuma. Akapiga simu, vidole vikikosea tarakimu.

"Baba Anjelina, ni mimi Hamidu. Mtoto yukoje?"

"Ameanza kutetemeka tangu alfajiri. Hajaacha."

"Mchukue sasa hivi umpeleke hospitali. Yale maneno ya vidonge si yangu."

Baltazar alishusha pumzi. Alipojibu, aliongea polepole, kama mtu anayerudi nyuma mbele ya mbwa asiyemjua. "Tabibu aliniambia utapiga."

"Tabibu yupi? Tabibu ni mimi."

"Aliniambia, jini akibanwa atakupigia kwa sauti yangu. Atakuomba umpeleke mtoto hospitali. Ukikubali, umemrudisha."

"Baltazar, nisikilize."

"Na akasema utaniita jina langu." Simu ikakatika. Haikupokelewa tena.

Vitalia akajaribu namba ya zahanati ya huko, haikupatikana. Akampigia mtu aliyemfahamu Mbinga mjini, akamwomba atafute gari. Hamidu alikuwa amekwisha kuvaa koti na kukodi pikipiki. Mlangoni Vitalia akamwuliza, "Nifute? Hakuna njia ya kumchomoa peke yake, mzee. Lazima nifute diski yote, pamoja na kila ulichoweka."

"Futa."

Akafuta. Akaweka mfumo mpya juu ya diski tupu, na nywila zote akazibadilisha kwa simu yake, si kwa mashine ile. Feni ikatulia na haikuvuma tena. Rukaiya alifungua madirisha, upepo wa ziwa ukaingia, ile harufu ikaondoka kana kwamba haikuwahi kuwapo. Akamwandikia mumewe: *Ametoka.* Hamidu aliusoma ujumbe huo Mbinga, dereva akijaza mafuta, akalia barabarani mbele ya watu.

Alichosema Vitalia wakati anakunja nyaya zake, Rukaiya hakukiandika. "Humu ndani hayupo tena, mama. Lakini sauti za mzee amekwisha kutoka nazo. Huko alikozipeleka siwezi kumfuata."

Barabara ya Litumbandyosi ilikuwa tope. Walianguka, wakainuka, wakaendelea. Walipofika, jua lilikuwa limegusa vilima, na Hamidu hakuhitaji kuambiwa. Wanaume walikuwa wamekaa chini nje, kimya. Ndani wanawake waliimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Gari kutoka Mbinga lilikuwa limesimama kando. Lilikuwa limefika, na Baltazar alikuwa amelizuia mlangoni kwa panga.

Hamidu alipiga magoti mbele yake kwenye mkeka. "Baba Anjelina. Nimekuja mwenyewe. Nitazame. Nishike mkono."

Baltazar akaushika. Aliupapasa muda mrefu, mifupa na ngozi, kama anayekagua kitambaa asichokusudia kununua. Macho yake yalikuwa makavu.

Simu yake ikaita.

Hamidu aliona jina kwenye kioo: Tabibu. Simu yake mwenyewe ilikuwa mfukoni mwa koti, imelala.

"Usipokee," alinong'ona. "Nakuomba kwa Mungu wako, usipokee."

Lakini ile sauti ilikuwa na Baltazar tangu alfajiri. Ilimtuliza kila mara mtoto alipokakamaa, na mtoto alipotulia kabisa, ilikuwa ya kwanza kumpa pole. Huyu mwingine alikuwa amekuja jioni, na tope hadi magotini. Baltazar akauachia mkono wa Hamidu, akapokea, akasikiliza huku akiinamisha kichwa.

"Ndiyo, tabibu," alisema kwenye simu. "Amefika. Yuko hapa mbele yangu, kama ulivyosema."

Wanaume waliokuwa wamekaa chini wakaanza kusimama, mmoja baada ya mwingine.