Vipimo vya Mwanamke Mwingine

Siku waliyogongana, bibie alikuwa akishuka ngazi na robota la kitambaa cha mapazia begani, na yule bwana alikuwa akipanda na kioo kirefu kumpita mwenyewe. Ilikuwa mwisho wa mwezi, jengo la maduka limefurika, kila mtu na mfuko wake na haraka yake. Kwenye kona ya ghorofa ya pili kioo kikamtokea bibie usoni. Mtu mwingine angeokoa kitambaa. Yeye alikiachia kikajikunjua ngazi nzima, mkono wake wa kulia ukaruka kukinga titi la kushoto.

"Usiogope, dada," sauti ikasema kutoka nyuma ya kioo. "Mimi si mwizi. Mwizi hatembei na mzigo wa kilo arobaini."

"Wezi wa siku hizi hawana sare," akajibu.

Kioo kikaegemezwa ukutani, akatokea mwanamume wa shati la jinzi lililopauka, glovu za ngozi mikononi, anacheka peke yake. Akakikusanya kitambaa mita kwa mita, akakiviringisha upya bila kuacha kunyanzi hata moja. Bibie akamtazama. Mwanamume anayejua kukunja kitambaa namna hii, akajiambia, ama kalelewa na fundi cherehani, ama ana mke fundi cherehani. Kichwa chake ndivyo kilivyofanya kazi.

Watu wa jengo lile walimwita Sindano, na hawakumwonea. Alishona vizuri na alichoma vizuri. Duka lake lilikuwa ghorofa ya tatu, cherehani mbili na meza ya kukatia. Miaka mitatu nyuma madaktari walimtoa titi la kushoto kwa saratani, zikafuata dawa zilizompukutisha nywele, kisha mkono ambao mpaka leo ulivimba kila akipiga pasi muda mrefu. Alipona. Kila miezi sita kliniki walimwambia yuko safi, naye hakuwaamini mpaka aone maandishi. Nywele zilirudi, wateja walirudi, hata hamu ya kula ilirudi. Mchumba aliyekuwa naye ndiye hakurudi: alitoka wodini kwenda kununua vocha ya simu, na nadhani bado yuko kwenye foleni.

Basi Sindano akajishonea kimfuko cha pamba na punje za mtama, uzito wake sawasawa na titi lililobaki, akakitia ndani ya sidiria. Akavaa magauni mapana yenye marinda kifuani, akafunga mdomo. Ukiwatoa dada yake, madaktari na yule wa vocha, hapakuwa na ajuaye.

Sasa huyu Bwana Vioo, maana ndivyo alivyombatiza, akaanza kupiga simu.

"Umeamkaje, mpenzi?"

"Nani kakupa ruhusa ya kuniita mpenzi?"

"Basi umeamkaje, fundi?"

"Fundi kaamka salama. Na hiyo sauti nyuma yako ni ya nani?"

"Redio ya fundi rangi."

"Redio yenyewe inacheka kama mwanamke."

"Ni mtangazaji, jamani. Nikupe uongee naye?"

Sindano akacheka, kisha akajikasirikia kwa kucheka. Miezi minne ikaenda hivyo. Jumapili walitembea, wakala aiskrimu, wakatazama madirisha ya maduka, bwana akimwonyesha ni yapi aliyafunga kwa mikono yake. Busu lilikuwa la shavuni tu, na hata siku moja bwana hakusukuma mambo. Hilo nalo likamtia shaka.

"Wewe mwanamume gani huna haraka?"

"Kwenye vioo ukiwa na haraka unabaki huna vidole, kipenzi."

Alimpenda. Tusizungushe maneno, alimpenda mpaka akawa anapitiliza vituo vya basi. Kila Ijumaa alijiapia kwamba leo atamwambia, na kila Ijumaa akayameza maneno yake, kwa sababu alikwisha kuona vocha inavyonunuliwa.

Halafu likaja shati. Kigae cha kioo kilikuwa kimechana mfuko wa kifuani, bwana akamletea amshonee. Fundi yeyote hupekua mfuko kabla ya kushona, na humo Sindano akakuta karatasi. Mwandiko ulikuwa wa bwana mwenyewe, kila tarakimu imepigiwa mstari chini kama alivyoandika za madirisha. Ila hili halikuwa dirisha. Kifua, thelathini na nane. Kiuno, thelathini. Hipsi, arobaini na mbili. Chuchu kwa chuchu, nane.

Wewe na mimi tungeona namba. Sindano alimwona mwanamke, kifua kimejaa, kiuno kimeingia ndani, anatembea akijua anatazamwa. Mwenye matiti mawili. Kile kipimo cha mwisho hakipatikani kwa mwenye moja.

Alishona mfuko, akairudisha karatasi mlemle. Siku za mwizi ni arobaini, akajisemea. Bwana alipokuja kuchukua shati, simu yake ikaita, akatoka nayo ukumbini. Sindano akazima cherehani akatega sikio.

"Hapana, bado hajui," bwana alikuwa akisema. "Ndiyo, lile la kijani. Tafadhali lisionwe na mtu."

Akarudi anatabasamu.

"Nani huyo?"

"Mteja."

"Mteja wa kijani?"

"Unasemaje?"

"Nauliza tu, mpenzi wangu. Chukua shati lako."

Jumamosi akamfuata. Ndiyo, alimfuata, miwani ya jua usoni na mtandio kichwani mchana kweupe, na msimcheke, mapenzi yamewafanyisha wengi zaidi ya hapo. Bwana akavuka barabara, akaingia kwa fundi cherehani mwingine, mmoja aliyekuwa akimnyang'anya Sindano wateja. Alipotoka, Sindano akaingia kujifanya anaazima zipu.

Gauni lilikuwa limevikwa sanamu ya dukani. Satini ya kijani iliyoiva, shingo imekatwa chini, kifua kimebanwa kwa mishono miwili iliyosubiri matiti mawili. Hakuhitaji futi ya kupimia kujua ni la karatasi ile.

"La nani hili, jirani?"

"La mchumba wa yule fundi vioo. Mwanamke ana bahati huyo."

"Bahati kweli," Sindano akasema, akasahau kuchukua zipu.

Jioni simu ikaita. "Laazizi, umekula?"

"Muulize wako wa kijani kama amekula." Akakata. Ikaita tena mara kumi na moja, hakupokea.

Jumatatu asubuhi dada yake akaingia dukani bila kubisha. Huyo ndiye aliyemfundisha kushona, kabla hajaolewa na kumwachia cherehani. "Yule mwenzio kanipigia simu, sauti haitoki. Umemfanya nini?"

"Tangu lini unamjua?"

"Nijibu kwanza."

"Ana mwanamke, dada. Nimemwona kwa vipimo vyake. Thelathini na nane, thelathini, arobaini na mbili. Chuchu kwa chuchu nane."

Dada akavuta kigoda, akakaa. "Mdogo wangu," akasema polepole, "huyo ni wewe."

"Nani ni mimi?"

"Harusi yangu, miaka mitano iliyopita. Nilikupima kwa mkono wangu nikaandika kwenye daftari. Mwenzio alikuja kwangu mwezi uliopita, anataka akushonee gauni kwa siri, ulivae siku atakayokuja nyumbani kukuposa. Nikalitafuta daftari, nikampigia nikamsomea."

"Kwa nini umsomee vya zamani?"

"Vipya ninavyo? Tangu utoke hospitali umekubali nikuguse na futi? Nilijua gauni litapunguzwa. Na kumwambia habari za mwili wako si kazi yangu, ni yako."

Mganga hajigangi. Sindano alijua kwa moyo vipimo vya nusu ya mji, lakini vyake hakuvijua. Nguo zake alizikata kwa macho, pana, na siku ya kuoga alikipa kioo kisogo.

Ungedhani angefurahi. Alilia mpaka dada akafunga mlango wa duka. Mwanamke wa kando angemtukana, angemwendea mlangoni kwake. Huyu angemfanya nini? Alikuwa yeye mwenyewe wa zamani, mzima, na huyo ndiye bwana alikuwa anamshonea gauni.

"Anamwoa yule, dada. Mimi simo."

"Mwambie."

"Nikimwambia ataondoka."

"Akiondoka, ameondoka. Ulikunywa dawa zile ukitapika kwenye ndoo, kesho yake unaamka unashona sare za shule. Leo unamwogopa fundi vioo?"

Sindano akajifuta uso kwa kipande cha bitana. Akapiga simu mwenyewe. "Njoo dukani. Gauni lako uje nalo."

Bwana Vioo alifika kabla ya saa sita, amevaa shati lililoshonwa mfuko, gauni kwenye begi la nailoni. Dada akapita pembeni yake akaondoka. Sindano akafunga mlango kwa ufunguo, akauweka mezani. Alikuwa amevaa fulana nyembamba badala ya marinda. Akaingiza mkono ndani, akatoa kile kimfuko, akakiweka juu ya meza ya kukatia. Upande wa kushoto fulana ikalala bapa.

Akamweleza yote, tangu uvimbe mpaka vocha. Alivyokuwa akisema, macho yake hayakumtoka bwana usoni. Alikuwa akitafuta huruma, alikuwa akitafuta kinyaa, alikuwa akitafuta lile jicho linaloupima mlango uko mbali kiasi gani.

Bwana akakitazama kile kimfuko.

"Sema," Sindano akasema.

"Nimeshtuka."

"Ni hilo tu?"

"Na nina hasira. Miezi minne nakuuliza hujambo, unaniambia sijambo."

"Ungekimbia."

"Labda ningekimbia," bwana akasema. "Sijui. Hukunipa nafasi ya kujua."

Hakuna mtu aliyewahi kumjibu hivyo. Wachache waliojua walimwambia haina neno, naye hakumwamini hata mmoja. Hili la labda lilimkaa moyoni.

Bwana akalitazama gauni la kijani, akalirudisha kwenye begi. Sindano akajua ndiyo hivyo, amekwisha. Akausogeza ufunguo ukingoni mwa meza ili asimpe kazi ya kuuomba.

"Mteja akiniletea vipimo vya dirisha kwenye karatasi, nakataa," bwana akasema. "Naenda kupima mwenyewe. Hivi vyako nikavipokea kwa simu kama mjinga." Akanyoosha mkono, akaupita ufunguo, akachukua futi iliyoning'inia kwenye cherehani. "Inua mikono."

"Wa kushoto haupandi sana."

"Utakapofikia."

Akainua. Bwana akazungusha futi mgongoni, akaileta mbele, na hapo Sindano akahisi vidole vikicheza juu ya fulana.

"Mikono inakutetemeka."

"Ee."

"Mbona kwenye kioo haitetemeki?"

"Kioo nikikivunja nakata kingine."

Sindano akatazama dari, akavuta pumzi. Hakutaka kulia na futi mwilini, kipimo kingeharibika.

"Jumapili nije nyumbani kwenu?" bwana akauliza, kichwa kimeinama kwenye tarakimu.

"Kufanya nini?"

"Unajua kufanya nini."

"Pima kwanza. Mkono unaniuma."

Bwana akakaza futi kidogo, akailegeza, akaisoma mara mbili.

"Ngapi?" Sindano akauliza. Miaka mitatu hakuwahi kutaka kujua.

"Thelathini na nne na nusu."

Akaisikia, akaingoja imchome. Ilikuwa namba tu, ndogo kuliko alivyoiogopa.

"Iandike," akasema. "Ndiyo yangu hiyo. Na Jumapili usichelewe, nitaanza kuuliza ulikuwa kwa nani."