Picha za Tumpe Mdogo

Ndani ya nukta moja Mchujabarua ulipitia barua elfu arobaini zilizosubiri kuondoka Mirihi. Kila ulipokuta picha uliing'oa, ukaihifadhi katika ghala la kumbukumbu hukohuko Mirihi, na mahali pake ukaacha kiungo, yaani anwani fupi ya kuonyesha picha ilipo. Mtu wa duniani alipogusa kiungo, picha ililetwa. Asipogusa, haikusafiri.

Mtambo huo ulibuniwa na Sekela Mwambene, mhandisi wa mawasiliano jijini Mbeya. Njia ya mawimbi ilikuwa moja ya kwenda na kurudi, tena nyembamba, na picha moja ilikuwa nzito kuliko barua mia. Tangu picha zianze kung'olewa, maelekezo ya madaktari yalifika Mirihi kwa wakati, na wagonjwa wakapona. Kila jioni Sekela alimshukuru Mungu kwa hilo.

Mdogo wake, Lusajo, alifanya kazi huko Mirihi. Alipopata binti alimpa jina la mama yao, Tumpe. Kisha akaandika: "Dada, nakuomba picha moja ya mtoto ipite ndani ya barua ya Mama. Moja tu."

"Sheria ni ya wote, Lusajo," Sekela alimjibu. "Kiungo kipo. Picha haiendi popote."

Mama yao alikuwa na mtoto wa jicho, akisubiri upasuaji. Sekela alimsomea kila barua, na walipofika kwenye kiungo mama alimzuia.

"Acha. Nitamwona kwa macho yangu. Na kama hana pua yangu, namrudisha hukohuko."

Sekela alicheka. Naye alijiambia ataifungua picha akipata nafasi. Zikaja barua saba, na nafasi haikupatikana.

Siku nne baada ya upasuaji, mama akiwa bado na bandeji, kuba lililofunika makazi ya Lusajo lilipasuka. Hewa yote ilitoka. Hakupona mtu. Ghala la picha lilikuwa chini ya kuba hilohilo, likateketea. Nakala haikuwekwa kwingine. Sekela mwenyewe ndiye aliyeamua hivyo, kupunguza mzigo.

Bandeji ilitolewa msibani, majirani wakiwa wamekaa mikekani. Mama aliitazama picha ya zamani ya Lusajo ukutani, akalia. Halafu akajifuta.

"Sasa nionyeshe mjukuu wangu."

Sekela alimwekea kioo cha kusomea barua mapajani. Chini ya maandishi ya Lusajo, penye kiungo, palikuwa na kisanduku cheupe.

"Mbona sioni kitu? Au sijapona?"

"Umepona, Mama. Picha ndizo hazipo tena."

"Basi niambie wewe. Anafanana na nani?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni: ana pua yako. Nani duniani angembishia? Sekela aliomba moyoni apewe nguvu ya kutolisema.

"Sikuwahi kuzifungua, Mama."

"Barua zote hizo?"

"Zote."

Mama hakumgombeza. Alikiinua kioo, akakisogeza karibu na macho yake mapya.

Mchungaji alikuwa amesimama, Biblia mkononi. "Mama, tuombe?"

"Subiri kidogo, mchungaji," mama alisema, akipapasa ukingo wa kile kisanduku kwa kidole. "Bado namwangalia."